Baada ya Bahasha: Fedha za Kijana Anayetoka Kituoni

Kituo cha kulelea watoto kikimuaga kijana aliyetimiza miaka 18, siku hiyo hupendeza. Hupikwa pilau, hufanywa dua au maombi kulingana na wenye kituo, na picha hupigwa za kupelekewa wafadhili. Kijana hukabidhiwa begi, godoro, pengine cherehani au boksi la vifaa vya ufundi, na bahasha. Hapa Bagamoyo vipo vituo vinavyofanya shughuli hii kwa moyo kabisa, na sina neno na pilau. Neno langu ni kwenye bahasha.

Tuchukue mfano. Bahasha ina shilingi 300,000, ambazo kwa mtu asiyewahi kushika hata laki moja ni fedha nyingi. Anatafuta chumba kimoja, tuseme cha 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, hiyo ni 240,000. Dalali aliyemwonyesha anataka ya mwezi mmoja, 40,000. Jioni ya siku hiyo hiyo kijana amebaki na 20,000, chumba kitupu na godoro. Hajanunua ndoo, sufuria, jiko wala mkaa, na bado hajala. Tarakimu ni za mfano tu. Wa Magomeni ya hapa Bagamoyo atasema kwake vyumba ni nafuu zaidi, na wa Mapinga atacheka kusikia chumba cha elfu arobaini. Badilisha bei upendavyo, mahesabu yataangukia palepale: bahasha inamalizwa na mlango wa kwanza anaoubisha.

Wapo watakaojibu kwamba vijana wa nyumbani nao hawana kitu. Kweli, hawana. Lakini tuangalie vizuri kijana wa Nianjema mwenye umri uleule, aliyemaliza kidato cha nne, anayefanya deiwaka, yaani kibarua cha kutwa, kwenye mashamba ya chumvi au anayebeba ndoo za samaki pale sokoni ufukweni. Kodi halipi. Wiki isiyo na kazi anakula kwa mama. Akiugua malaria, nauli ya zahanati inatoka kwenye kibubu cha bibi. Akitaka kujifunza bodaboda, mjomba anamwazima pikipiki jioni. Akipoteza kazi kwa ukaidi wake mwenyewe, anagombezwa, kisha anapakuliwa. Ruzuku hii haiandikwi popote na anayeipokea hajui kuwa anapokea ruzuku. Ina sifa mbili ambazo bahasha haina: inakuja kidogokidogo kila inapohitajika, na inaendelea kwa miaka, mara nyingi hadi mtu anaoa na baada ya hapo.

Kwa hiyo tunapojadili fedha za vijana wanaotoka vituoni, naona tunakosea kuanza na neno mtaji. Mtaji ni wa mtu ambaye tayari ana pa kulala na pa kula. Cherehani aliyopewa binti siku ya kuagwa ikiuzwa miezi mitatu baadaye, waliompa huumia, na wengine husema hana shukrani. Hawaulizi aliiuza wiki gani. Mara nyingi ni wiki ya kodi, au wiki ya ugonjwa. Alikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kugeuka fedha, akakigeuza. Asiye na cha kuuza huangukia kwa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, anakopa elfu hamsini, na kuanzia hapo kila siku ya kazi ni ya mwenye mkopo.

Hata elimu, ambayo vituo vingi hujivunia, hukwama hapohapo. Ada za serikali kwa miaka ya karibuni si ukuta tena: kidato cha kwanza hadi cha nne ziliondolewa 2016, cha tano na cha sita 2022, na ada ya vyuo vya ufundi vya VETA kwa muda mrefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa. Kinachomtoa kijana chuoni ni kulala, kula, nauli na overoli. Nani anamlisha fundi umeme mwanafunzi kwa miaka miwili? Kwa wengi wetu jibu ni nyumbani, na ndiyo maana swali hili halijawahi kuingia kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba karibu kila mfuko wa umma tulio nao umejengwa juu ya dhana kwamba mwombaji ana familia, au walau ana karatasi za familia. Kitambulisho cha Taifa kinaombwa kwa cheti cha kuzaliwa na taarifa za wazazi. Aliyeokotwa akiwa mchanga ataandika nini hapo? Kituo makini kitakuwa kimeshughulikia cheti mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kisicho makini kitamwachia kijana aanze kuzunguka maofisini akiwa peke yake. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze 2019, bila namba ya NIDA, yaani ya Kitambulisho cha Taifa, huna laini ya jina lako, na bila laini huna pochi ya simu. Mtu unataka kumtumia fedha, huna pa kuzituma.

Ukienda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yatima anatakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Huu ni utaratibu unaoeleweka, kwa sababu mikopo inavutia waongo. Lakini watoto wengi walioko vituoni si yatima kwa maana hiyo. Wapo ambao baba hajulikani, wapo ambao mama alimwacha mtoto hospitali akaondoka, wapo walioondolewa nyumbani kwa ukatili na mzazi yuko hai, yuko Mlingotini au Dar es Salaam, na ndiye mtu wa mwisho ambaye kijana angependa kwenda kumwomba nakala ya kitu chochote. Kwa utaratibu wa kiofisi, kuwa na mzazi mbaya kuna gharama zaidi kuliko kuwa na mzazi marehemu.

TASAF, mfuko wa serikali wa ruzuku kwa wasiojiweza, nayo inalenga kaya maskini. Kijana aliyepanga chumba peke yake wiki iliyopita hayumo kwenye orodha ya kaya ya mtaa wowote. Hata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipangwa hivyohivyo: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Aliye peke yake alilipa ya watu sita.

Mfuko unaostahili kutazamwa zaidi ni ule wa asilimia kumi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ukiwasikiliza viongozi, hiyo ndiyo njia iliyofunguliwa kwa kijana yeyote asiye na kitu. Sasa soma masharti kwa jicho la aliyetoka kituoni. Vijana hukopeshwa kama kikundi, na kikundi cha kweli ni watu wanaofahamiana, walioko mtaa mmoja, wanaojulikana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na wanaoaminiana kiasi cha kulipiana deni. Vijana wa Dunda waliocheza pamoja tangu utotoni wanaweza kukiunda kwa mchana mmoja. Aliyelelewa nyuma ya geti la kituo, akaenda shule kwa gari la kituo na kurudi kwa gari la kituo, anaingia mtaani akiwa mgeni kwa kila mtu. Wenzake wa kituoni wametawanyika, mmoja Chalinze, mwingine Morogoro. Cha kushangaza ni kwamba kanuni zilishakubali kuwa kikundi si lazima kwa kila mtu: mwenye ulemavu aliruhusiwa kukopa peke yake. Mlango huo umeshawahi kufunguliwa mara moja, na kuufungulia kundi jingine dogo ni kazi ya kanuni tu.

Hata hivyo, mkopo ni mkopo. Haulipi kodi ya chumba.

Serikali na mashirika kwa sasa wanasisitiza kuwaunganisha watoto na ndugu zao badala ya kuwaacha wakulie kwenye vituo, na mwelekeo huo naukubali. Mtoto akue kwenye nyumba. Ninachokipinga ni kuutumia kama jibu la dakika za mwisho: kijana kafikisha 18, tafuteni shangazi. Shangazi ana watoto wake, chumba kimejaa, na huyu anayeletwa hawakulala pamoja hata usiku mmoja maishani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lenyewe hakuna aliyelileta. Kama ndugu yuko tayari, apelekewe kijana akiwa na posho yake mfukoni, awe anachangia unga. Utaona heshima inavyobadilika pale mtu anapoingia nyumbani na kitu.

Mji huu una historia yake katika jambo hili, na sijui kwa nini hatuitumii tunapojadili. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha misheni hapa Bagamoyo. Watoto waliowalea wengi walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani, ama kwa kununuliwa ama kwa kukamatwa baharini majahazi yaliyowabeba. Hawakuwa na kwao kwa kurudi. Walifundishwa kulima, useremala, uashi. Wakifika umri wa kuoa walioana wenyewe kwa wenyewe, na wakiondoka bwenini walipewa nyumba na kipande cha shamba kwenye kijiji cha misheni. Baadaye baadhi ya familia hizo zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya, kama Mhonda mwaka 1877.

Kuna jambo wamisionari wale walilielewa ambalo vituo vya leo havijalielewa: ukimlea mtoto asiye na ukoo, huwezi kumfungulia geti siku moja ukasema kazi imekwisha. Inabidi umpe pa kuanzia, na pa kuanzia ni nyumba na chakula, si nasaha. Lakini tusiwapambe. Ardhi ilibaki ya misheni. Wakazi walidaiwa siku za kazi, waliishi kwa kengele na kanuni, mambo yao ya ndani yalikaguliwa, na wapo waliotoroka kutafuta maisha pengine. Waliwapa watu wazima msaada kwa namna iliyowaweka chini ya ulezi bila kikomo.

Mambo hayo mawili, msaada na ulezi usio na kikomo, yako nasi hadi leo. Kijana mwenye bahati leo ana mfadhili wa nje anayeendelea kumlipia baada ya 18. Mfadhili ni mtu mwema, sina shaka. Lakini msaada unaendelea mradi kijana asome kozi ambayo mfadhili anaipenda, aandike barua, atume picha, asipate mimba, asibadilishe dini, na mfadhili mwenyewe asistaafu. Huwezi kupanga maisha juu ya huruma ya mtu mmoja aliye mbali, na huwezi kumjibu mtu huyo hapana.

Ndiyo maana jaribio la Wales, kule Uingereza, lilinivutia, pamoja na umbali wote uliopo kati ya Cardiff na Bagamoyo. Serikali ya huko iliamua kwamba vijana waliokuwa kwenye malezi ya serikali na waliotimiza miaka 18 kati ya Julai 2022 na Juni 2023 walipwe pauni 1,600 kila mwezi kabla ya kukatwa kodi ya mapato, kwa miezi 24. Zaidi ya vijana 600 walijiunga. Hakuna aliyewauliza wamezitumiaje. Wakosoaji walikuwepo, na baadhi ya hoja zao ni nzito: fedha zilikatwa kodi ya mapato na kuhesabiwa kama kipato, kwa hiyo waliokuwa wakipata msaada wa makazi walijikuta wakipoteza huku wanapata kule, na jaribio lilipoisha 2025 halikuendelezwa kwa waliofuata. England wana njia nyingine, yenye mshauri wa kumfuatilia kijana hadi miaka 25 na posho ya kuanzia nyumba, ambayo 2023 ilipandishwa kutoka pauni 2,000 hadi 3,000. Karibu na kwetu, Afrika Kusini sheria inamruhusu kijana aombe kubaki kwenye malezi hadi miaka 21 ili amalize masomo.

Kiasi chao hatukiwezi, wala hatuhitaji kukifuata. Cha kuchukua Wales ni umbo: kila mwezi, kwa muda unaojulikana tangu mwanzo, kwa jina la kijana mwenyewe. Kijana akijua kwamba Machi ijayo kuna fedha, anaweza kumwambia mwenye nyumba ukweli na kupatana naye kodi ya miezi mitatu mitatu. Anaweza kuingia VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, kwa sababu ana hisa ya kuweka kila wiki, na akishaingia huko ameanza kufahamika mtaani, jambo ambalo mkopo wa asilimia kumi ulimtaka alilete kutoka mbinguni. Upatu na vikundi vya kuweka na kukopa havimkubali mtu mwenye bahasha. Vinamkubali mwenye kipato kinachojirudia.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni kwamba watazila kwa starehe. Baadhi watafanya hivyo mwezi wa kwanza, kama kijana yeyote aliyepata mshahara wa kwanza. Ndiyo faida ya kulipa kidogokidogo, kosa la mwezi mmoja linamalizika kwa mwezi mmoja.

Pingamizi la pili ni zito na haliniachi kirahisi. Mama wa Kaole mwenye watoto watano atauliza: kwa nini yule aliyekula kuku Jumapili kituoni, akasoma shule ya Kiingereza, ndiye apewe posho, na mwanangu aliyekuwa anakwenda shule bila viatu asipewe? Sitamwambia mama huyu kwamba haelewi. Wapo watoto wa vituoni waliokula vizuri kuliko majirani zao. Jibu langu ni la wajibu, si la kupima nani ameteseka zaidi. Mtoto anapowekwa kituoni kwa amri ya mahakama au kupitia ofisi ya Ustawi wa Jamii, dola imesema hadharani kwamba sasa yenyewe ndiyo mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto hadi miaka 18, na hapo ndipo dola inaponawa mikono. Yule mama hatanawa. Mwanawe akirudi na miaka 23, amefilisika, ataulizwa maswali mengi, kisha atasogezewa sahani. Tunachodai ni dola ifanye nusu ya anachofanya mama wa Kaole.

Lakini ana hoja nyingine ndani ya swali lake, na hiyo lazima ibadilishe mpango wenyewe. Posho ikitolewa kwa waliomaliza kituoni tu, tutakuwa tumetangaza malipo kwa kumweka mtoto kituoni. Wapo wazazi wenye dhiki watakaosukumwa na hesabu hiyo, na wapo wenye vituo watakaoitumia kuwashawishi. Kwa hiyo haki iwe ya mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii kwa muda uliowekwa, hata kama kabla ya 18 alirudishwa kwa bibi au alipelekwa kwenye familia ya malezi ya kambo. Anayemtoa mtoto kituoni mapema asimpotezee kitu. Na fedha zisipitie kwenye akaunti ya kituo. Nasema hivi nikijua itawaudhi baadhi ya wenye vituo ninaowaheshimu.

Tupige hesabu ya halmashauri moja. Tuseme kila mwaka vijana 15 wanatimiza umri, na kila mmoja analipwa shilingi 100,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Mwaka wa kwanza ni milioni 18. Kuanzia wa pili, makundi mawili yakiwa yanalipwa pamoja, ni milioni 36 kwa mwaka. Gari moja la kiongozi, lile jeupe refu tunalopishana nalo barabara ya Dar es Salaam, linagharimu mara kadhaa ya hapo. Asilimia nne ya vijana haiwezi kutumika hivi leo kwa sababu ni ya mikopo, kwa hiyo ama kanuni itengeneze dirisha dogo la ruzuku ndani yake, ama kiasi hicho kitengwe kwenye kifungu cha Ustawi wa Jamii. Mimi napendelea la pili. Dirisha la ruzuku ndani ya mfuko wa mikopo litavamiwa na wasiohusika ndani ya mwaka mmoja, tunajuana.

Kazi ya karatasi iishe mapema. Mtoto akifika miaka 16, kituo kidaiwe cheti chake cha kuzaliwa kama sharti la kuendelea na leseni, na ombi la NIDA liwe mezani mwezi anaotimiza 18. Barua ya Afisa Ustawi wa Jamii ikubaliwe na taasisi zote za umma mahali panapotakiwa saini au cheti cha mzazi.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio hujadiliwa na madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya anaweza kuwapelekea idadi ya watoto watakaotimiza 18 ndani ya mwaka huo, kwa sababu kila makao yenye leseni yana rejesta. Diwani akiulizwa kwenye mkutano wa kata mwaka huu, aulizwe kama ameiona idadi hiyo.